Kabla ya Haki ya Kufa

Mjadala wa haki ya kufa hutufikia kama habari za watu wengine. Redio inatangaza kwamba bunge fulani la Ulaya limepiga kura, mtu anatikisa kichwa, mwingine anasema dunia imekwisha, na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya mafuta. Lakini swali lenyewe liko humu humu mwetu, wodini na vyumba vya uani, ila linaulizwa kwa namna nyingine. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi anayemwambia binti yake, “Mwanangu, mniache nipumzike,” hajawahi kusikia sheria ya Uholanzi. Mzee ambaye saratani ya umio imemfunga koo hata uji haupiti, akagoma kupandishwa tena kwenye gari la kwenda hospitali, ameshaamua jambo kuhusu kifo chake. Na ndugu wanaokaa kikao usiku kujadili kama kiwanja kiuzwe ili mashine iendelee kumpumulia mtu aliyekwisha kukata kauli, hao wanaamua kuhusu kifo cha mwenzao, mara nyingi bila sheria ya kuwaongoza na bila daktari aliyewaeleza ukweli wote.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Haki ya kusaidiwa kufa, kama ni haki, inakuja mwisho kabisa katika foleni ya mambo ambayo mgonjwa asiyepona anatudai. Kabla yake kuna haki ya kuambiwa anaumwa nini, haki ya kutulizwa maumivu, na haki ya kukataa matibabu yasiyomfaa. Hizo tatu bado hatujampa, na anayetaka kuijadili ile ya nne Afrika Mashariki kwa uaminifu hana budi aanzie hapo.

Ubishi mwingi juu ya suala hili hutokana na kuchanganya mambo manne yasiyofanana. Kuna kuacha au kutoanza matibabu yasiyosaidia: kutomwunganisha mgonjwa na mashine ya kupumulia, kutomrudisha kwenye mionzi, kutoukandamiza kifua moyo unaposimama. Hapo ugonjwa ndio unaoua. Kuna kumpa mgonjwa dawa kali ya maumivu kwa nia ya kumpa nafuu, hata kama atasinzia zaidi na pengine siku zake zikapungua kidogo. Halafu kuna daktari kuandika dawa ya kuua, mgonjwa akaimeza kwa mkono wake. Na mwisho kuna daktari kuichoma mwenyewe, kwa ombi la mgonjwa. Mawili ya mwanzo yanakubalika kwa madaktari karibu kote duniani. Mgogoro uko kwenye mawili ya mwisho. Chama cha Madaktari Duniani kiliyapinga tena katika mkutano wake wa Tbilisi mwaka 2019, na hapo hapo kikasema kwamba daktari anayeheshimu mgonjwa aliyekataa matibabu hajavunja maadili ya kazi yake. Watu wengi wanaolaani “kuua wagonjwa” huweka yote manne kwenye kapu moja, na anayeumia kwa mchanganyo huo ni mgonjwa anayenyimwa mofini.

Nchi zilizoruhusu zilipita njia tofauti. Uswisi ilifika hapo karibu bila kukusudia: kanuni yake ya adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1942 inamwadhibu anayemsaidia mtu kujiua kwa sababu za ubinafsi, na aliyesaidia bila maslahi yake binafsi hakuguswa. Upenyo huo ndio uliozaa vyama kama Dignitas, kilichoanzishwa mwaka 1998, ambacho hupokea hata wageni. Uholanzi ilianzia mahakamani. Mwaka 1973 daktari Geertruida Postma, aliyemdunga mama yake mzazi mofini ya kumuua kwa ombi la mama huyo, alipewa adhabu ya kifungo cha wiki moja, tena cha nje. Sheria kamili ikaanza kutumika 1 Aprili 2002. Ubelgiji ikafuata mwaka huo huo, na mwaka 2014 ikaondoa kikomo cha umri. Mahakama ya Katiba ya Kolombia ilifungua mlango mwaka 1997. Canada iliruhusu mwaka 2016, jimbo la Victoria la Australia mwaka 2019, Uhispania mwaka 2021, na New Zealand iliwauliza wananchi kwa kura ya maoni mwaka 2020. Bunge la chini la Uingereza lilipitisha muswada wake Juni 2025 kwa kura 314 dhidi ya 291, ukapelekwa bunge la juu.

Jimbo la Oregon, Marekani, ndilo lenye mengi ya kutufundisha, kwa sababu limehesabu na kuchapisha takwimu zake kila mwaka tangu sheria ianze kutumika mwaka 1997. Mwombaji awe mtu mzima mwenye akili timamu, madaktari wawili wathibitishe kwamba amebakiza miezi sita au pungufu, aombe zaidi ya mara moja, na dawa aimeze mwenyewe. Karibu mmoja kati ya watatu wanaoandikiwa dawa hiyo hawaimezi. Wanaoitumia, wengi wana bima ya afya, na karibu tisa kati ya kumi tayari wako chini ya uangalizi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa asiyepona. Wanapoulizwa sababu, walio wengi mno hutaja kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo yao na kushindwa kufanya yale yaliyoyapa maisha yao ladha. Karibu nusu hutaja hofu ya kuwa mzigo kwa familia. Maumivu, au hofu ya maumivu, hutajwa na kama theluthi tu.

Takwimu hizo zinawakosoa watu wa pande zote. Sisi tunaoipigania tiba shufaa hupenda kusema kwamba mgonjwa akitunzwa vizuri hataomba kufa. Oregon inaonyesha kwamba wengine wametunzwa vizuri na bado wameomba. Ni lazima tulikubali hilo. Lakini zinamkosoa pia anayetetea sheria hiyo kwa picha ya mgonjwa anayepiga kelele za uchungu, maana anayeomba Oregon kwa kawaida ni mtu ambaye uchungu wake umeshatulizwa na sasa anabishana na udhaifu wa mwili wake. Sheria ile ilitungwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari amepata mengine yote. Ukiileta kwenye wilaya ambayo hospitali yake haina chupa moja ya mofini kabatini, itamkuta mtu mwingine kabisa.

Canada inatoa onyo la namna nyingine. Ilianza mwaka 2016 kwa wagonjwa ambao kifo chao kilikuwa kinaonekana kinakaribia. Mwaka 2021 sharti hilo liliondolewa, ikawa mtu mwenye ugonjwa au ulemavu usiotibika, hata kama hafi karibuni, anaweza kuomba. Mwaka 2023 watu 15,343 walikufa kwa njia hiyo, karibu asilimia 5 ya vifo vyote vya nchi. Vyama vya watu wenye ulemavu vimelalamika kwamba serikali inayochelewa kumpa mtu nyumba inayomfaa na msaidizi wa kumhudumia haikawii kumpa sindano, na mwaka 2025 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu iliitaka Canada ifute upanuzi ule wa mwaka 2021. Nayachukulia malalamiko hayo kwa uzito mkubwa. Hata hivyo haki itendeke: Oregon haijalegeza sharti la miezi sita tangu ianze. Kuteleza hutokea pale wanasiasa na mahakama wanapokubali kuteleza. Hoja kwamba mlango ukifunguliwa kidogo lazima ubomoke wote haina ushahidi wa kutosha, na wapinzani wa jambo hili wana hoja bora kuliko hiyo.

Barani kwetu, kesi iliyofika mbali zaidi ni ya Robin Stransham-Ford, mwanasheria wa Cape Town mwenye umri wa miaka 65 aliyekuwa na saratani ya tezi dume iliyosambaa mwilini. Aliiomba Mahakama Kuu ya Pretoria imruhusu daktari amsaidie kufa bila daktari huyo kushtakiwa. Tarehe 30 Aprili 2015 Jaji Hans Fabricius alimkubalia. Mgonjwa alikuwa amefariki asubuhi ile ile, saa chache kabla ya amri kutolewa, kwa ugonjwa wake, na mahakama haikujua. Serikali ilikata rufaa, na Desemba 2016 Mahakama ya Juu ya Rufani ikaitengua amri hiyo: dai lilikufa pamoja na mdai, na ushahidi uliowasilishwa ulikuwa haba mno kwa uamuzi mzito kiasi hicho. Mlango haukufungwa kwa kufuli, maana majaji hawakusema kwamba Katiba ya Afrika Kusini inakataza jambo hilo milele. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Askofu Mkuu Desmond Tutu alikuwa amejitokeza hadharani kuunga mkono haki ya kusaidiwa kufa, na mwaka 2016, akitimiza miaka 85, akasema angependa yeye mwenyewe apewe nafasi ya kuchagua. Sauti hiyo haikutoka Ulaya, na mtu anayesema suala hili ni la Wazungu peke yao amjibu Tutu kwanza.

Sheria zetu hazina utata kwa juu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 216, inamweka anayemsaidia mtu kujiua kwenye hatari ya kifungo cha maisha. Ya Kenya inasema hivyo hivyo katika kifungu cha 225. Ridhaa ya mgonjwa haimwokoi daktari. Chini yake kuna vifungu visivyosemwa sana ambavyo kwangu mimi ndivyo vinavyohitaji kuangaliwa: cha 203 kwa Tanzania na cha 213 kwa Kenya. Vinasema kwamba mtu anahesabiwa amesababisha kifo hata kama marehemu alikuwa na ugonjwa ambao ungemuua, ikiwa ameharakisha kifo hicho kwa kitendo au kwa kuacha kutenda. Msomee daktari kijana maneno hayo, halafu muulize kama yuko tayari kuzima mashine ya mgonjwa ambaye ubongo wake hauna matumaini, au kuongeza kipimo cha mofini usiku wa manane akiwa peke yake zamu. Atasita. Na akisita yeye, anayelia hadi alfajiri ni mgonjwa.

Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya, kwa uamuzi wa Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu cha 226 kilichomwadhibu anayejaribu kujiua kinakwenda kinyume cha Katiba. Wapo walioichukua hukumu hiyo kama hatua ya kwanza kuelekea haki ya kufa. Walikosea. Hukumu ilihusu afya ya akili na heshima ya mtu: mtu aliyefika ukingoni anahitaji tabibu, na kumpeleka rumande ni kumzidishia ugonjwa. Kifungu cha 225 kiko palepale. Sheria iliyofutwa Kenya tuliirithi kutoka kwa Waingereza, ambao wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961. Tanzania bado inayo, katika kifungu cha 217, na sijasikia hoja hata moja ya maana ya kuendelea kuwa nayo.

Kwa dini, wengi tunadhani jibu ni fupi, na nusu yake kweli ni fupi: uhai ni amana ya Mwenyezi Mungu, mtu hana ruhusa ya kuukatisha, wake wala wa mwenzake. Uislamu na Ukristo wa mapokeo havitofautiani hapo. Nusu ya pili ndiyo isiyohubiriwa. Mwaka 1957 Papa Pius wa Kumi na Mbili, akiwajibu madaktari wa usingizi, alifundisha kwamba inaruhusiwa kumpa mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu hata kama itafupisha maisha yake, ikiwa nia ni kumtuliza na hakuna njia nyingine, na kwamba hakuna anayelazimika kutumia njia zisizo za kawaida ili kuurefusha uhai. Hati ya maadili ya udaktari wa Kiislamu iliyotolewa Kuwait mwaka 1981 inamkataza daktari kuchukua hatua ya kumaliza uhai, na inamwambia pia autambue mpaka wake, asing'ang'anie kwa mashine uhai ambao elimu imethibitisha haurudi. Laiti masheikh na mapadri wangeisema nusu hiyo mimbarini mara moja tu kwa mwaka! Wapo wazee wanaoteseka bila dawa kwa sababu watoto wao wanaamini kuvumilia maumivu ni ibada na kuyatuliza ni kuikimbia kadari.

Turudi kwenye foleni niliyoitaja, tuanze na ile haki ya kwanza. Katika hospitali zetu nyingi, jibu la kipimo cha saratani haliendi kwa mwenye mwili. Daktari anamwita mtoto mkubwa pembeni, au shemeji “anayejua Kiingereza,” anamweleza kwa sauti ya chini, na mgonjwa anarudishwa nyumbani akiambiwa ana vidonda vya tumbo. Nia ni njema. Tunaogopa atakata tamaa. Matokeo yake ni kwamba mtu anakufa bila kuandika wosia, bila kudai wala kulipa madeni yake, bila kumwomba radhi ndugu waliyegombana naye, huku wote waliokizunguka kitanda wakiigiza kwamba atapona. Yeye mwenyewe hujua. Mwili wake unamwambia. Anabaki hana wa kuzungumza naye, kwa sababu kila aingiaye amekatazwa kusema ukweli. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, isipokuwa kwa sababu maalumu, na pia haki yake ya kukataa matibabu anayoshauriwa. Imeandikwa vizuri. Mazoea ya ukoo bado ndiyo yanayoshinda wodini. Nami nauliza: mtu ambaye hajaambiwa kwamba anakufa atatumiaje haki ya kuchagua atakavyokufa? Ukiruhusu leo, katika mazoea haya haya, atakayeombewa ni mgonjwa na waombaji watakuwa ndugu.

Haki ya pili ni mofini, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hapa ndipo mateso yenyewe yalipo.

Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, aliyekuwa amefanya kazi Nairobi Hospice, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Alikuja na jambo rahisi: mofini ya maji. Unga wa mofini unachanganywa na maji safi na kiambato cha kuzuia isiharibike, unatiwa rangi ili dawa yenye nguvu ndogo isichanganywe na yenye nguvu kubwa, unajazwa kwenye chupa ya plastiki, na mgonjwa anakwenda nayo nyumbani. Anakunywa kipimo kidogo kila baada ya saa nne. Cha kulalia kinaongezwa maradufu ili usiku upite bila kuamshwa. Kipimo kinapandishwa taratibu hadi maumivu yakatike. Dawa hii hufunga choo, kwa hiyo huambatana na ya kulainisha choo, na pale ambapo hakuna ya duka la dawa, mgonjwa hutafuna mbegu kavu za papai. Kwa vipimo hivyo, mofini haiui. Inamrudisha mtu kwenye mazungumzo ya nyumbani. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni zake ili wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuiandika, kwa sababu kumsubiri daktari kijijini ni kusubiri asiyekuja. Rwanda nayo imejijengea utaratibu wa serikali kutengeneza mofini ya maji na kuigawa.

Sasa itazame dunia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 wanahitaji tiba shufaa kila mwaka, na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Tume ya jarida la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2017, ilikuta kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini kabisa zinapata tani 0.1, yaani kama kilo 100. Bei haielezi pengo hilo, maana unga wa mofini ni rahisi. Linaelezwa na hofu: sheria za dawa za kulevya zilizotungwa kumkamata mlanguzi zikamkamata muuguzi, kabati lenye kufuli mbili, daftari linaloogopesha, chuo kilichomfundisha daktari kutibu malaria kwa ufasaha na hakikumfundisha kumtuliza anayekufa. Ongeza familia inayoamini kwamba mgonjwa akianzishiwa mofini basi hospitali imemkatia tamaa. Kwa nchi kama Tanzania, ambako wagonjwa wengi wa saratani hufika hospitali ya saratani ya Ocean Road ugonjwa ukiwa umeshakwenda mbali, dawa hii ilipaswa kuwa ya kawaida kama panadol. Kazi kubwa imefanywa na watu wachache, hospitali za kanisa zikiwa mstari wa mbele, na bado haitoshi.

Maumivu peke yake hayamalizi habari. Saratani ya titi ikishapasua ngozi, au ya mlango wa kizazi ikianza kutoa majimaji, harufu ndiyo inayomtenga mgonjwa kabla kifo hakijamtenga. Wageni wanafupisha salamu. Wajukuu hawaingii. Mama aliyekuwa akipika pilau la mtaa mzima analala chumba cha nyuma dirisha wazi, akisikia watu sebuleni. Akisema “heri nife,” tutasema ameomba kufa? Muuguzi anayeijua kazi yake anasafisha kidonda kwa maji ya chumvi, anasaga vidonge vya metronidazole, ambavyo wengi tunavijua kwa jina la Flagyl, ananyunyiza unga wake juu ya kidonda, anafunika. Baada ya siku chache harufu inapungua sana, na watu wanarudi kukaa karibu. Vidonge hivyo viko karibu kila duka la dawa. Naamini maombi mengi ya kufa yanayotamkwa mitaani kwetu ni maombi ya namna hii, na mtu anayeyajibu kwa sindano ya kuua wakati unga wa vidonge ungetosha amefanya dhuluma, hata kama fomu zote zimesainiwa.

Halafu kuna fedha, na hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Ile hofu ya kuwa mzigo, inayotajwa na karibu nusu ya watu wa Oregon wenye bima na pensheni, itakuwaje kwa mzee wa Singida ambaye matibabu yake yameshauza ng'ombe watatu na ada ya mjukuu imesimama? Kwetu gharama haina kificho. Mgonjwa anajua nani kachangia kiasi gani, anasikia simu za harambee, anajua kundi la WhatsApp la ukoo limenyamaza. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ilibadilisha mfuko wake wa bima mwaka 2024. Ni hatua, lakini bado hazijamwondolea mgonjwa wa saratani hesabu hiyo kichwani. Mzazi wa Kiafrika ameshazoea kujinyima ili mtoto asome. Mpe njia halali ya kufa, ataitumia kwa ajili ya shamba lisiuzwe, na atasema kwa moyo mkunjufu kwamba ni hiari yake. Hakuna daktari wala hakimu atakayeweza kupambanua hiari hiyo na umaskini.

Tunayo pia kumbukumbu ambayo Ulaya haina kwa kiwango chetu. Miaka ya tisini UKIMWI ulikuwa hukumu ya kifo. Watu walikonda mpaka mifupa, wakaharisha mpaka nguvu zikaisha, wakaomba kufa, na wahudumu wa majumbani waliowaogesha na kuwageuza walisikia maombi hayo kila siku. Kuanzia mwaka 2004 hivi dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure Tanzania, baadhi ya wale waliokuwa wamekwisha kuandaliwa sanda waliinuka. Wengine leo ni babu na bibi. Najua hoja hii ina mpaka: saratani iliyoingia kwenye mifupa na ini haina dawa inayotarajiwa wiki ijayo, na si haki kumshikilia mtu kwa tumaini la uongo. Lakini taifa lililowaona majirani wakirudi kutoka mlangoni pa kaburi lina sababu ya kuwa makini na daktari anayesema “miezi sita.”

Yuko mtu mmoja ambaye hoja zangu zote hazimfikii. Ni mgonjwa mwenye maradhi ya mishipa ya fahamu yanayokula misuli, kama yale aliyokuwa nayo Diane Pretty wa Uingereza, ambaye mwaka 2002 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilimkatalia mume wake asamehewe mashtaka iwapo angemsaidia kufa, naye akafa chini ya wiki mbili baadaye kwa namna ile ile aliyoiogopa. Mgonjwa huyo ninayemwaza ameambiwa ukweli, anatunzwa, hana deni, akili yake ni nzima, na anasema hataki kumalizia maisha kwa kushindwa kupumua. Tiba shufaa inaweza kumlaza usingizi mzito kwa dawa katika siku za mwisho asihisi kukabwa, na hilo ni jibu kubwa kuliko watu wengi wanavyojua. Akisema bado halimtoshi, siwezi kumwita mwoga wala mkosefu. Namwambia tu kwamba sheria inayomfaa yeye, katika nchi kama zetu kwa sasa, itawapitia maelfu wasio na hata moja ya ngao alizo nazo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba tusiruhusu daktari kuua wala kuandika dawa ya kuua, na tusijisifu kwa kukataa. Kukataa bila kutuliza ni ukatili. Kwa ajili ya mofini na ya ile haki ya tatu, ya kukataa matibabu, mabunge yetu yaandike waziwazi kwamba daktari anayeacha matibabu yasiyo na faida kwa ridhaa ya mgonjwa, au anayempa mofini kwa kipimo cha kitabibu, hajaharakisha kifo cha mtu. Yatambue wosia wa matibabu, mtu aandike akiwa na akili zake kama anataka mashine au hataki, na nani amsemee akishindwa kusema. Tanzania na Kenya ziwaruhusu wauguzi waliofunzwa waandike mofini kama Uganda ilivyofanya mwaka 2004, na kila hospitali ya wilaya iwe nayo.

Na wewe uliye na mgonjwa nyumbani, usisubiri Bunge. Muulize anataka kujua nini kuhusu ugonjwa wake, na akitaka kujua, mwambie. Muulize daktari kama kuna mofini ya maji. Akisema haipo, muulize kwa nini haipo, mpelekee mganga mkuu wa wilaya swali hilo hilo kwa maandishi, na umwombe akujibu kwa maandishi.